Kitabu Alichokikalia Skolastika

Skolastika Wegesa hakupendwa chuoni, na kusema kweli hakufanya lolote ili apendwe. Mimi nimefundisha ushonaji hapo kwa miaka tisa sasa, chumba changu cha cherehani kinatazamana na mlango wa maktaba. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyaona nikanyamaza.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya Kiabakari, kando ya barabara iendayo Musoma. Watu huja kujifunza ufugaji, kilimo, useremala na ushonaji. Maktaba ilikuwa bwalo la zamani, na mpaka leo ukuta mmoja una masizi ya jiko ambayo hakuna rangi iliyoweza kuyafunika. Ina rafu kumi na moja na kompyuta nne, na mbili kati ya hizo ndizo zinazowaka. Skolastika alikuwa mkutubi, msaidizi wa mkutubi na mfagiaji, yote yeye.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mkavu wa mwili na wa sauti. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na masista wa misheni kule Nyegina. Sista mmoja ndiye aliyemfundisha kushona migongo ya vitabu vilivyochanika, kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Elimu yake iliishia kwenye cheti, lakini kitabu kikipita mikononi mwake kilikuwa hakifi tena. Mume wake alikwenda Geita kutafuta dhahabu akapotelea huko huko. Mwanawe mmoja, Stanislausi, ni askari mkoa wa mbali. Sisi wakufunzi tulimwita Mama Stanislausi. Wanachuo, akishawapa kisogo, walimwita Kufuli.

Mwanachuo akitoka kula dagaa, alimrudisha mlangoni. "Kanawe. Kitabu si sahani." Simu ikilia, aliichukua na kuikalisha juu ya kabati mpaka jioni, hata kama anayepiga ni mzazi. Niliwahi kumwona akimtoa nje binti aliyekuwa analia kwa kuachwa na mchumba, akamwambia akalie kwenye nyasi, maana machozi yanaharibu karatasi.

Kila Ijumaa asubuhi alibandika mlangoni karatasi ya manila yenye habari za maktaba: vitabu vipya kama vipo, saa za kufungua, siku ambayo umeme utakatwa, na chini kabisa majina ya waliochelewa kurudisha. Majina hayo ndiyo yaliyosomwa kwanza. Watu walicheka, aliyetajwa alinuna, na jioni kitabu kilirudi.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, jina la kwanza kwenye orodha halikuwa la mwanachuo. Liliandikwa hivi: "Mkufunzi Abednego Magesa. Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, nakala tatu. Miaka minne."

Magesa alikuwa mkuu wa idara ya ufugaji, bwana mwenye kitambi cha heshima na suruali zilizopigwa pasi hadi kukata. Alikaa Bunda na kuja kila siku kwa pikipiki yake. Darasani hakuhitaji ubao. Alitembea huku na huku akiwatajia notisi, na wanachuo wakaandika neno kwa neno. Sifa yake ilikuwa kubwa. Wengine walisema anayo magonjwa yote ya ng'ombe kichwani.

Kilichomfanya Skolastika aandike jina lile ni binti mmoja wa mwaka wa pili, Tabitha, mtoto wa wakulima wa pamba wa huko huko Bunda. Alikuja kuuliza kitabu kile mara nne. Mara tatu za mwanzo Skolastika alimjibu, "Hakipo," akaendelea na kazi. Mara ya nne Tabitha hakuondoka.

"Mama, kila siku hakipo. Sasa kiko kwa nani?"

"Wewe kinakuhusu nini kiko kwa nani?"

"Kinanihusu. Mimi ndiye niliyemshika yule ng'ombe kichwa."

Akamweleza. Mwezi wa kwanza kundi lao lilipelekwa kwenye mazoezi kijiji kimoja nje ya Butiama. Mwenzao Silasi alimpa ng'ombe wa mjane dawa ya minyoo, kama walivyofundishwa. Ng'ombe yule alikuwa na mimba changa. Wiki haikuisha, mimba ikatoka. Mjane alikuja chuoni akalia getini, kikao kikakaa, na Magesa akasema kijana alikuwa mzembe, hakuzingatia. Silasi akarudishwa nyumbani kwa muhula mzima. Tabitha alikuwa amepekua notisi zake zote bila kuona mahali walipoambiwa wasiwape wenye mimba. Alitaka kuona kitabu kinasemaje.

Skolastika hakumpa pole. Alifungua daftari la kuazima, akaweka kidole kwenye mstari, akamwonyesha. Nakala zote tatu, sahihi moja.

Magesa alipoiona ile karatasi ya manila, aliichana mbele ya watu, akaingia maktaba na vipande mkononi. Nilisikia kila kitu, cherehani zote zilikuwa zimenyamaza.

"Wewe mama, unajua unacheza na nani?"

"Najua. Nimeandika jina lako."

"Mimi ni mkufunzi. Vile vitabu ni vitendea kazi vyangu."

"Vina mhuri wa maktaba. Virudishe."

"Mtunza vumbi wewe! Umesoma mpaka wapi?"

"Nimesoma mpaka kwenye jina lako," Skolastika alisema. "Virudishe."

Kabla Magesa hajamaliza kuwasha pikipiki, karatasi nyingine ilikuwa mlangoni, safari hii kwa herufi kubwa zaidi.

Jumatatu Skolastika aliitwa kwenye kikao cha wakufunzi. Mkuu wa chuo, Edwin Kwangu, hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa kelele kuliko alivyoogopa dhambi. Alimwambia ameudhalilisha utumishi, kwamba majina ya wakufunzi hayabandikwi, na aandike barua ya kujieleza.

"Nitaandika," Skolastika alijibu akiwa amesimama, maana hakuna aliyempa kiti. "Lakini na mimi nipeni barua inayosema wakufunzi hawarudishagi vitabu na hawaulizwi. Nitaibandika Ijumaa."

Magesa akagonga meza. Mkuu akatuzungushia macho, akauliza kama kuna mkufunzi anayeona mama huyu alifanya sawa. Tulikuwa kumi na wawili. Nilitazama vidole vyangu. Mimi nilijua hizo nakala ziko wapi. Nilishaziona sebuleni kwa Magesa siku ya komunyo ya mtoto wake, zimepangwa juu ya kabati la vyombo. Sikunyanyua mkono. Hakuna aliyenyanyua.

Jumamosi Skolastika alikwenda Nyegina. Masista wana maktaba ndogo, na kwenye vitabu vyao vya mradi wa zamani wa mifugo alikuta nakala ya kitabu kile kile. Aliiazima kwa jina lake mwenyewe, akaileta Kiabakari imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ijumaa iliyofuata habari za maktaba zilikuwa mstari mmoja tu: "Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kipo. Kinasomwa hapa hapa."

Sijawahi kuona maktaba ile ikijaa vile. Walikaa watano watano kwenye ukurasa mmoja, na notisi zao pembeni. Kwanza ukawa mnong'ono, halafu kicheko, halafu hasira. Notisi za Magesa zilikuwa kitabu kile, sentensi kwa sentensi, mpaka mifano. Hakuwa na ugonjwa wowote kichwani. Alikuwa na vitabu vitatu sebuleni.

Tabitha hakucheka. Alifika kwenye sura ya minyoo. Chini ya jedwali la dawa, upande wa pili wa karatasi, palikuwa na mistari miwili inayokataza dawa ile kwa ng'ombe mwenye mimba changa. Magesa alipokuwa akikikariri aliishia kwenye jedwali. Hakugeuza karatasi.

Jumanne, katikati ya kipindi, Tabitha alisimama na kusoma mistari ile kwa sauti, kutoka kwenye kipande cha karatasi alichoinakilia. Wenzake wananiambia Magesa aliuliza jambo moja tu: "Umekitoa wapi?" Hakungoja jibu. Alitoka darasani akavuka uwanja kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto, na darasa zima nyuma yake.

Nilitoka na mimi. Skolastika alikuwa mezani kwake, kitabu mbele yake. Alimwona Magesa akija, na hakukimbia wala hakukificha. Alikiweka juu ya kiti chake, akakikalia.

"Leta hicho kitabu," Magesa alisema.

"Jaza fomu."

"Nimesema leta!"

"Kinasomwa hapa hapa. Vuta kiti."

Magesa akazunguka meza. Akashika mgongo wa kile kiti akakitikisa, na Skolastika akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kiti kikatoa mlio. Wanachuo thelathini walijaa mlangoni na madirishani.

"Niinue," Skolastika alimwambia. Sauti yake haikupanda. "Niinue mbele ya watoto hawa, Abednego. Mimi ni mkubwa kwako. Nishike uninyanyue, kila mtu aone unachokitafuta chini yangu."

Mkono wa Magesa ulibaki kwenye kiti. Alikuwa anapumua kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Kutoka dirishani mtu mmoja akasema, "Mrudishe Silasi." Mwingine akalirudia neno hilo, kisha wote. Mkuu wa chuo alipofika akikimbia, kelele zile zilikuwa zinasikika hadi barabarani, na watu wa sokoni walikuwa wameshaanza kusogea getini.

Skolastika alikaa juu ya kitabu mpaka saa kumi na moja jioni. Nililetewa habari kwamba hata chooni hakwenda.

Wanachuo wa ufugaji walisema watatembea na kitabu hicho hadi kwa mkuu wa wilaya, Butiama. Hilo ndilo lililomtisha Mkuu Kwangu. Ndani ya siku nne Silasi aliitwa arudi, bila maelezo na bila kuombwa radhi. Yule mjane alipelekewa mtamba, na chuo kikaita hiyo huduma kwa jamii. Magesa alipewa barua ya onyo. Nakala tatu zilikutwa asubuhi moja mlangoni mwa maktaba ndani ya gunia la pumba, kila moja imechanwa ule ukurasa wenye mhuri.

Na Skolastika akahamishwa. Barua ilisema ni kwa ajili ya amani ya chuo. Alipelekwa ghala, kutunza majembe, mabomba ya dawa na vifaa vya karakana, na maktaba akapewa kijana mpole ambaye huruhusu simu. Watu walitegemea ataacha kazi. Tabitha alimfuata akilia, akamwambia watagoma kwa ajili yake.

"Mgomee nini? Mna mtihani," Skolastika alimjibu. "Mimi sikufanya kwa ajili yako. Vitabu ni vya maktaba. Nenda kasome."

Hakuacha kazi. Aliniambia baadaye, bila mimi kuuliza, kwamba akiacha watasema alifukuzwa. Alichukua zile nakala tatu kabla ya kukabidhi funguo, akazishona, akabandika karatasi mpya mahali pa zile zilizochanwa, akaziacha rafuni. Kile cha masista alikirudisha Nyegina mwenyewe.

Magesa bado anafundisha. Siku hizi wanachuo huingia darasani wakiwa wamekwisha kusoma sura, na anaposita wao humalizia. Amekonda. Akipita karibu na ghala hutema mate chini, na Skolastika, kama yupo mlangoni, humtazama mpaka amalize. Tabitha alifaulu na yuko Bunda, anatibu mifugo. Silasi alifaulu pia, lakini hakuja kwenye mahafali.

Mimi ilinichukua miezi saba. Siku moja nilikwenda ghala kuchukua uzi na mafuta ya cherehani. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Mama Stanislausi, kuhusu kile kikao..."

Aliendelea kutafuta uzi kwenye rafu.

"Nilijua vitabu viko wapi," nikasema. "Nilipaswa kusema."

"Nilijua kwamba unajua," alijibu. "Ulikuwaga rafiki wa mke wake. Nilikutazama wewe kwanza, Mwalimu Agness, kabla ya wengine wote. Ukaangalia vidole."

"Nisamehe."

Akaweka mabunda mawili ya uzi juu ya meza, na chupa ya mafuta pembeni, akanisukumia daftari.

"Umekuja kuchukua uzi, au umekuja kuungama? Padri yuko Jumapili. Hapa weka sahihi."

Niliweka sahihi, nikachukua uzi wangu. Nilipofika mlangoni nilisimama kidogo nikidhani ataniita. Alikuwa ameshanipa mgongo, ananoa jembe.