Kina Mama Ali wa Msambweni

Juma lililopita nilikuwa Msambweni, kwenye ofisi inayoandikisha watu kwa kisomo cha watu wazima. Karani, kijana wa bara, alikuwa akipanga majina kwenye jedwali la kompyuta. Mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akamsogelea.

"Shikamoo, mama. Jina?"

"Marahaba. Mama Ali."

"Kina Mama Ali wamejaa humu, nitawachanganya. Jina lako mwenyewe ni nani?"

Akajiziba mdomo kwa leso, kisha akalitaja polepole. Kijana akalichapa, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ndilo hili?" mama akauliza, akiligusa kwa kidole. "Tangu mamangu afariki, hakuna aliyeniita hivyo. Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu."

Nyuma yake foleni ikaanza kunong'ona: kila mama alikuwa akijikumbusha lake. Ofisi nyingi zimeniuliza jina. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiona ikishukuriwa kwa kuuliza.