Salamu Iliyoharibu Kazi ya Siku Kumi na Moja

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Dkt. Mbeti Munyoki anamnyima askari wa langoni mkono. Anainama kidogo, anatoa kiwiko, anapita.

"Hata leo mimi ni mchafu, Daktari?" Mzee Thuo anamtania.

"Mchafu ni mimi, mzee. Wewe hujashika damu ya ndama."

Ametoka kwake Buruburu saa kumi na moja na nusu. Hajala. Ndani ya maabara hii ya mifugo pembeni mwa Nairobi anasugua mikono hadi viwikoni, anavaa glovu, anatoa kichupa cha sampuli kwenye friza. Ndicho cha mwisho. Kikiharibika hana kingine, na Jumatatu lazima awe posta.

Mbeti, mwenye umri wa miaka 34, anachunguza RNA ya kijidudu kinacholeta ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe. Anaieleza hivi: seli ina maagizo makuu yaliyofungiwa ndani, RNA ni nakala inayotolewa ili kazi ifanyike. Nakala hiyo ni dhaifu. Jasho la kidole tu huitafuna.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1983. Tangu hapo ameandika barua kumi na nne ng'ambo akiomba nafasi ya kuendelea na utafiti. Kumi na moja hazikujibiwa. Mbili zilimkataa. Moja, kutoka chuo kimoja cha Uswidi, ilisema nafasi ipo, ya miaka miwili, ila atume kwanza picha ya kuonyesha kwamba anaweza kutoa RNA ikiwa nzima. Picha iwe imefika kabla ya mwisho wa Novemba hii ya 1985.

Wiki tatu zilizopita alikuwa karibu kumaliza. Ndipo mama mkwe wake, Mukai, alipofika kutoka Kangundo bila taarifa, akapanda ngazi za maabara kuomba ufunguo wa nyumba. Pale mlangoni akanyoosha mkono.

"Ningeuacha hewani? Mama wa mume wangu?" anauliza Mbeti.

Akaupokea, glovu zikiwa mkononi. Wakajuliana hali yote: mvua, mbuzi, shangazi anayeumwa. Kisha akarudi mezani na glovu zile zile, kwa sababu maabara hugawa jozi mbili kwa siku na hiyo ilikuwa ya pili. Jioni, badala ya mistari miwili inayoonyesha kwamba ni nzima, RNA ilionekana kama moshi. Siku kumi na moja zikaenda.

Mumewe Ndambuki, karani wa reli, alishauri mama asiambiwe. Mbeti alimwambia kabla ya chai kupoa. Tangu hapo Mukai, aliyebaki kuwasaidia na watoto, huficha mikono ndani ya leso kila mkwewe akipita.

"Hilo linaniudhi kuliko picha iliyoharibika," anasema Mbeti.

Saa kumi jioni anawasha taa ya zambarau. Hakai. Anazunguka meza, anarudi, anainama tena. Mistari miwili inang'aa, myembamba, safi. Anapiga picha tatu, anazikagua, anapiga ya nne.

Nyumbani Mukai yuko jikoni, mikono ndani ya leso.

"Imetoka, mwaitu," Mbeti anamwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Nipe mkono."

Mama mkwe anavitazama viganja vyake kwanza. "Una hakika umemaliza? Mimi sitaki kesi nyingine."

Kisha anautoa, na hauachii upesi.

Jibu linatarajiwa Januari. Akikubaliwa, Mukai atakaa na watoto wawili pamoja na baba yao. Akikataliwa, barua ya kumi na tano iko tayari, imebaki kutiwa tarehe.

Na akienda Uswidi akarudi, Mbeti anasema, atadai maabara yenye chumba kidogo mbele, chenye viti na birika.

"Cha kusalimiana," anasema. "Watu wetu hawataacha kupeana mikono kwa ajili ya RNA yangu. Wanisalimie huko kwanza, halafu nivae glovu."