Stoo ya Makobe

Siku kiwanda chetu kiliposhika moto, wageni walipiga makofi.

Sitanii. Moshi unatoka madirishani, sisi tumejaa uwanjani tunahema, na Wazungu watatu wamesimama chini ya mwavuli wanapiga makofi na kusema safi sana, hawajawahi kuona.

Kaeni vizuri niwasimulie, maana kila nikisema hivi watu wananiona mwongo.

Naitwa Morjina. Nilikuwa mshonaji kiwanda cha nguo huko Ashulia, nje kidogo ya Dhaka. Mimi nilishona mifuko ya suruali. Dada yangu Kohinur alikuwa ghorofa moja nami, anapunguza nyuzi kwa mkasi.

Kohinur ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyeniogesha, akanisuka, na akanichapa nilipostahili. Kuna mwaka alianguka ngazini amebeba robota la vitambaa, nyonga ikapona vibaya. Toka hapo mguu wa kushoto akawa anauburuta.

Sasa, bosi wetu wa ghorofa aliitwa Mozammel. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wa ufanisi. Alitupima kila kitu. Unashona mifuko mingapi, chooni unakaa muda gani, maji umekunywa mara ngapi. Na tusidanganyane, kazi aliijua.

Alikuwa na msemo wake: "Laini ya mashine ikisuasua, usiwapigie kelele wote. Mtafute anayechelewesha, mtoe. Halafu tazama kazi itakavyotiririka."

Na kweli, kila akimtoa mtu, kazi ilitiririka.

Balaa lilianza wanunuzi wa Ulaya walipotaka kuona zoezi la moto. Kengele ikilia, ghorofa nzima inashuka uwanjani, wao wanapima muda. Mkishuka haraka, kiwanda ni salama, oda inakuja. Mkichelewa, oda inakwenda kwa jirani.

Zoezi la kwanza tuliumbuka. Ngazini mbele yupo Kohinur na mguu wake, nyuma yake Bi Jorina mwenye pumu, halafu Rupali na mimba yake kubwa, halafu sisi wengine wote tumekwama nyuma yao.

Mozammel hakugomba. Alitabasamu tu. Lile tabasamu sikulipenda hata kidogo.

Zoezi lililofuata, kabla ya kengele, alipita kwenye mashine akiwagusa watu bega. Wewe. Wewe. Na wewe. Wanawake sita, Kohinur akiwamo. Akawaswaga mpaka stoo ya vifungo, hapohapo ghorofani, akapiga kofuli, ufunguo akauvaa shingoni.

"Tulieni humo, makobe wangu," akasema. "Msiniharibie muda."

Kengele ikalia, tukashuka kama maji. Wageni wakafurahi, oda ikaja, na ghorofa nzima ikapikiwa tehari, wali umejaa nyama ya ng'ombe kabisa.

Makobe hawakupewa. Ati hawakushuka, sasa wale kwa kazi gani?

Watu walicheka, jamani. Jina likashika. "Makobe, stoo inawaita!" Msichana mdogo tu anamwambia hivyo Bi Jorina, mwanamke wa kumzaa mama yake.

Mimi nyama yangu niliifunga kwenye gazeti, nikampelekea Kohinur.

"Dada, kataa. Siku moto ukiwaka kweli je?"

"Nikikataa ananifukuza. Nani ataniajiri na mguu huu, wewe?" Akatia nyama mdomoni. "Pilipili haitoshi."

"Dada, mimi sitanii."

"Kwani mimi natania? Unadhani tukifungiwa mle tunakaa kusali tu?" Akanifunulia kiganja. Kilijaa malengelenge. "Dirisha la stoo lina grili, grili ina skrubu. Kila zoezi naingia na mkasi kiunoni, nazilegeza kidogo kidogo. Hapo nje jirani anajenga, jukwaa lake la mianzi unaligusa kwa mkono. Moto ukija tunasukuma grili, tunapita zetu."

"Wenzio wanajua?"

"Wanajua, wananishikia taa. Mozammel ana mpango wake, na sisi tuna wetu. Wewe funga bakuli lako."

Moyo ukatulia. Nikasema dada yangu si mjinga, hata moto uwake, atatoka.

Basi siku ya siku ikafika. Wageni walikuja asubuhi, Mozammel kavaa tai mpya. Makobe akawafungia mapema, wageni wakiwa bado ofisini wanakunywa chai, wasije wakakutana nao. Tena safari hiyo alitaka mbwembwe. Aliagiza walinzi wachome majani mabichi kwenye pipa, moshi utoke, zoezi lifanane na kweli.

Kengele ililia mapema kuliko tulivyoambiwa. Tukajua kaamua kutushtukiza. Tukashuka, na hatujawahi kushuka vile. Hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Mozammel akainua saa yake juu. Rekodi imevunjwa! Wageni wakapiga makofi.

Moshi ukaanza kutoka ghorofani. Wageni wakaunyooshea vidole, wakazidi kupiga makofi.

Nilikuwa karibu yake. Nikamsikia anamwambia mlinzi, kabana meno: "Nilisema majani kidogo. Mbona mmejaza?"

"Bosi, majani hatujawasha. Kiberiti si hiki hapa?"

Uso wake niliuona. Alielewa palepale. Mtu asije akaniambia hakuelewa.

"Bosi, ufunguo," nikasema.

"Nyamaza."

"Bosi, kuna watu stoo!"

"Nyamaza wewe! Ngoja wageni waingie garini kwanza."

Mzungu mmoja akamuuliza, kupitia mkalimani, kama watu wote wametoka. Mozammel akamjibu mbele yangu, macho makavu: "Wote. Hakuna aliyebaki."

Nikamrukia. Sikuwaza kazi, sikuwaza mshahara. Nilimng'ata mkono, nikaivuta ile tai mpaka akatoa macho, kamba ya ufunguo ikakatikia mkononi mwangu. Hapo ndipo makofi yalipokoma.

Nikatimua mbio kuelekea ngazini. Sikufika popote. Moshi mweusi ulikuwa unashuka kunipokea, nikaanguka, mlinzi akanibeba juujuu kunirudisha huku nampiga mateke.

Ghafla mtu akapiga ukelele: "Tazameni kule! Makobe!"

Kwenye mianzi ya jirani mafundi walikuwa wanapokezana wanawake mkono kwa mkono. Jamani, nilicheka. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamtemea Mozammel mate miguuni.

"Umewaona?" nikamwambia. "Hao ndio makobe wako, mshenzi wewe!"

Nikazunguka ukuta mbio mpaka kwa jirani. Bi Jorina kaketi kwenye lundo la mchanga anatafuta pumzi. Rupali kashika tumbo, analia. Nikawakumbatia mmoja mmoja, masizi yao yote yakahamia kwangu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Walikuwa watano.

"Dada yuko wapi?"

Hakuna aliyeniangalia usoni.

"Bi Jorina, nakuuliza. Kohinur yuko wapi?"

"Yeye ndiye aliyesukuma grili," akasema, anahema. "Ndiye aliyetangulia dirishani. Mguu ukagoma, mwanangu. Akakwama palepale, hatoki wala harudi, na moshi unaingia. Sisi wote tuko nyuma yake."

"Mkamsukuma."

"Hapana." Akafuta uso kwa kiganja. "Tukamvuta. Tulimrudisha chini ili sisi tupite. Alikuwa anatuchelewesha."

Neno lilelile la Mozammel. Sasa linatoka kinywani mwa Bi Jorina.

"Akasemaje?"

"Alinishika nguo. Akaniambia Bi Jorina, usiniache. Mimi..." Akanionyesha namna alivyofanya. Alivibandua vidole vya dada yangu, kimoja kimoja.

Zimamoto walimtoa jioni. Alikuwa palepale chini ya dirisha.

Mozammel aliwekwa ndani, akatolewa. Nasikia sasa yuko kiwanda kingine, anafundisha watu usalama kazini. Yule namchukia kirahisi, hata usingizini.

Anayenitesa ni Bi Jorina. Alikuja msibani na mchele wake kwenye mfuko, akakaa barazani kutwa nzima, sikumfungulia. Na bado kila nikitaka kumlaani, namwona Rupali na mtoto wake. Wanaishi mtaa wangu. Mtoto ameanza kutembea.

Ndugu unayesoma, nakuachia neno moja. Popote unapofanya kazi, ukiona wanamtoa anayechelewesha ili mambo yaende haraka, usishangilie kwa kuwa hujaguswa bega. Wakishamtoa huyo, foleni haibaki bila wa mwisho. Watamtafuta mwingine tu.

Mozammel aliwatoa sita. Wale sita wakamtoa dada yangu.