Nilivyowaachanisha Wacheza Dansi

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa Kilwa Masoko nzima inaijua, bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wenye kutia chumvi.

Kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa kinatafuta mtu wa kutuwakilisha Lindi, kwenye mkutano wa wapenda vitabu, na nafasi ile niliitaka kwelikweli (mawifi zangu wako Lindi, wangeniona jukwaani, mnanielewa). Kila anayeitaka alitakiwa achambue kitabu kimoja mbele ya wenzake. Shoga yangu Mwanahawa akaniazima manga, hivi vitabu vya katuni vya Kijapani, kifupi tu, habari za kijana na msichana wanaocheza dansi pamoja. Akataka kunielekeza namna ya kukisoma, nikamkata kauli: "Shoga, mimi wa kufundishwa kusoma?" Hapo ndipo nilipojiponza.

Nikakifungua kama daftari la shule, kushoto kwenda kulia, nikakimaliza. Niliona majibu yanatangulia maswali, lakini nikasema labda Wajapani ndivyo wanavyozungumza (kila watu na mambo yao).

Jumamosi nikasimama. Nikaanza na uzuri: michoro iko hai, gauni likizunguka unausikia upepo wake, na mwandishi ni jasiri, maana anaanza na wachezaji wamebeba kombe wanalia kwa furaha, halafu anawaporomosha taratibu. Watu wakawa wanaitikia kwa vichwa, nami nikavimba. Nikaingia kwenye udhaifu. "Watu wamependana namna hii," nikasema, "halafu ukurasa wa mwisho kijana anamuuliza msichana jina lake. Mwandishi kawaachanisha watu bila hata talaka."

Mwanahawa kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Nikamwinua anisaidie kuonyesha jinsi hatua zao zilivyozidi kuharibika. Yeye akaenda kwake, mimi nikaenda kwangu, tukakanyagana, tukaiangukia meza ya chai, vitumbua vikabiringika mpaka miguuni kwa Mwalimu Rukia, mwenyekiti wetu.

Tukiwa palepale chini Mwanahawa akaniambia, "Somoe, kile kitabu kinaanzia kulia. Kama juzuu."

Kama juzuu. Na mimi ndiye niliyehitimu Kurani kule Kinjumbi, nikapikiwa na pilau. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Mwalimu Rukia, huku anafuta machozi, akasema, "Mwanangu, kumbe wale ndiyo kwanza wanajuana."

Lindi akaenda Mwanahawa. Mimi nikarudi nyumbani nikakisoma upya, safari hii kutoka kulia: wanakutana, wanaulizana majina, wanakanyagana, wanaelewana, wanashinda. Na niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipouona udhaifu wake hasa: tangu wanapokutana unajua kombe ni lao. Kile nilichokisoma mimi kilikuwa na kisa zaidi. Ila hilo sithubutu kulisema mbele za watu, na siku hizi nikiazimwa kitabu, hata kiwe cha mapishi, nauliza kwanza mlango wake uko upande gani.