Ukuta wa Tui la Pili

Macho ya mama yalianza kufifia polepole, na wa kwanza kutambua hakuwa mimi niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, bali mjomba, kaka yake mkubwa, aliyekuja kutoka Bagamoyo kutusalimu. Alimwona mama akimimina chai pembeni ya kikombe. Mjomba akanywa ile iliyoingia ndani, kisha akasema taratibu kwamba siku mama atakaposhindwa kupika atamchukua akakae kwake, na nyumba tutaipangisha yote.

"Moto si mchezo, mdogo wangu," alisema. "Nitakuja tena baada ya Ramadhani. Nikikuta huwezi, tunaondoka wote."

"Sawa, kaka," mama alijibu.

Mjomba alipokwenda zake, mama alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tulipomzika baba. Niliogopa sana.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote pale: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, vingine tumevipangisha, na uani jiko lenye kuta za miti na udongo na bati juu. Katika jiko hilo mama alipika vitumbua kila alfajiri, akavipanga kwenye sinia barazani, na watu wa bandarini wakavinunua wakienda kazini. Walimsalimu, wakamtania, wakamwambia habari za mji. Kukaa kwa mjomba maana yake ilikuwa kukaa mkekani kutwa, kuletewa sahani, na kuwasikia wake wa mjomba wakiulizana kama bibi huyu keshanawa mikono. Mama alikuwa radhi kufa kabla ya hapo, na alisema hivyo waziwazi.

Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na sanduku langu na ulimi wangu ulioniachisha. Nilimwambia mama nitapika mimi, yeye akae tu barazani auze. Akageukia upande ambao sikuwapo akasema, "Wewe? Vitumbua vyako punda akitafuna anang'oka meno." Ilikuwa kweli, lakini nilinuna mpaka jioni.

Kabla ya mfungo akapita Bwana Afya. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, kijana nadhifu wa kaptura ya kaki, aliyetumwa kukagua majiko na vyoo mtaa kwa mtaa. Alichungulia jikoni kwetu, akatazama masizi ya miaka yote ile, akasema majiko yote ya Kariakoo sharti yapakwe chokaa, na litakalobaki jeusi litavunjwa. "Nyeupe," alisema. "Nikirudi niikute nyeupe."

Basi nikapaka. Mimi nikishika kazi sipendi kuifanya nusu, kwa hiyo nilinunua na buluu ya kufulia dukani kwa Mhindi nikaitia ndani ya chokaa ili weupe ukolee. Jiko likang'aa. Wapangaji wakaja kulitazama, na mimi nikasimama mlangoni na brashi yangu kama niliyejenga msikiti.

Asubuhi mama aliingia, jua lilipopenya chini ya bati akafunika uso kwa upande wa kanga. "Mmenimulika," alisema. Kisha akachukua chungu cha unga wa mchele uliokwisha umuka, akakiweka kwenye rafu. Rafu haikuwa pale. Ilikuwa kando kidogo, nyeupe kama ukuta, na chungu kikaanguka kikapasuka miguuni pake. Unga ukatapakaa sakafuni, na sakafu nayo nilikuwa nimeipaka. Mama alichutama akaupapasa unga kwa viganja, asijue unaanzia wapi wala unaishia wapi.

Nikadhani dawa ni kuweka alama. Nikachukua mkaa nikachora mistari kwenye kingo za rafu, kuzunguka mafiga na kuzunguka mlango. Jiko likawa kama mkeka wa rangi mbili, na mama akasema mistari inaruka. Akiitazama macho yanatiririka machozi. Tulishinda siku hiyo tumenuniana, yeye akidhani nimemwekea mitego, mimi nikidhani hataki kusaidiwa.

Kilichotuonyesha njia ni uchovu wangu mwenyewe. Nyuma ya mlango chokaa ilikuwa imeniishia, nami nimechoka kukoroga nyingine, nikapangusa tu kwa maji ya kuoshea brashi, na pale ukuta ulibaki si mweupe, si udongo. Kata ya maji ilikuwa ikining'inia hapo. Nikamwona mama anapeleka mkono moja kwa moja, anaitwaa, anachota maji, anairudisha msumarini. Nikamuuliza ameionaje.

"Hapa pamepoa," alisema. "Hapa macho yanatua."

"Rangi gani hiyo unayoiona?"

Alifikiri. "Kule umenipaka tui la kwanza, linanipiga usoni. Hapa ni tui la pili. Nipe tui la pili jiko zima."

Mtu yeyote aliyekamua nazi anaelewa. Tui la kwanza ni zito na jeupe, la pili jepesi, weupe wake umelegea. Lakini kulipata tui la pili ukutani hakukuwa rahisi. Nilichekecha majivu nikayatia kwenye chokaa, ikatoka rangi ya mvua, baridi, ukiitazama unatamani kuvaa sweta. Nikapunguza majivu, nikaongeza udongo mweupe ambao wanawake walikuwa wakiuleta sokoni kutoka Pugu, na tone la udongo wa kawaida. Nilipaka vipande vipande nje ya ua, nikaviacha vikauke, maana rangi ya chokaa mbichi ni moja na kavu ni nyingine. Mama akapita mbele ya kila kipande, mikono nyuma, akikataa. Alipofika kwenye kimoja akasimama. "Hiki hakina kelele," alisema.

Tukapaka kuta zote rangi hiyo. Rafu nikazipaka mchanganyiko uleule ulioongezwa majivu, kiasi cha kuwa kivuli cha ukuta. Sakafu na mafiga nikavipaka udongo wa kahawia, ule wa chai iliyozidi maziwa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimelitumia katika kila jiko nililokaa baadaye. Rangi hizi za kimyakimya zinapendana zikiwa ndugu, lakini zisiwe pacha. Mara ya kwanza rafu na ukuta vilikaribiana mno, na mama akakosa rafu tena. Nikatia giza kidogo tu, akaipata. Rangi ikizidi inapiga kelele, ikipungua inapotea, na kati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba ambayo huwezi kuijua kwa kusimuliwa. Unapaka, unasubiri ikauke, unamwita mwenye jiko.

Bakuli la enameli nyeupe, ambalo ukutani halikuonekana kabisa, sasa lilikaa kwenye rafu ya kijivu na mama akalichukua bila kutafuta. Akaanza kuimba tena akikoroga. Niliposikia ile sauti nilikwenda chooni nikakaa huko kidogo, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anidhihaki.

Majirani walisema tumepaka jivu. Mmoja alimwuliza mama kama chokaa imekuwa adimu sokoni. Hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni Bwana Afya, ambaye alirudi katikati ya Ramadhani, mkali kwa njaa, akasimama mlangoni akakunja uso.

"Mama, nilisema nyeupe."

"Nyeupe hiyo, mwanangu," mama akasema.

"Hii kijivu."

Wapangaji wakaanza kutoka vyumbani. Mama hakubishana. Aliniita, akanishika bega, akanisimamisha ukutani nikitazamana na yule kijana.

"Huyu binti yangu ukimuulizia hapa mtaani utaambiwaje? Si utaambiwa yule mweupe? Hata mumewe alipokuja kuposa alisema amempenda yule binti mweupe. Uongo?"

"Kweli," wakaitikia wapangaji, kwa furaha kubwa mno.

"Haya. Tazama uso wake, tazama ukuta. Kipi kimezidi weupe?"

Ukuta ulinizidi mbali. Mimi ni wa maji ya kunde, na sisi mtu wa maji ya kunde tunamwita mweupe bila kufikiri. Bwana Afya alinitazama, akatazama ukuta, akatazama wale watu wanaosubiri.

"Au binti yangu si mweupe?" mama akauliza kwa upole. "Sema tu, asikie."

Hakuna kijana mwenye adabu ambaye angelijibu hilo mbele ya mama wa mtu. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama, hakikuwa na masizi. Akasema, "Haya, nyeupe," akaenda nyumba ya pili. Nilikasirika kufanywa kipimo cha chokaa mbele ya wapangaji. Nilifurahi pia kidogo, maana yule kijana aligeuka mara nyingine kuthibitisha.

Ikabaki hukumu ya mjomba. Idi ikapita, tukaletewa habari kwamba anakuja. Siku hiyo mama aliamka mapema kuliko kawaida, akapika vya kuuza, kisha akaanza vya kaka yake, kwa hiliki zaidi. Akanituma sokoni kuchukua ndizi mbivu. Nilirudi kwa mlango wa uani, ule wa kichochoroni ambao huwa tunauacha wazi mchana.

Mama alikuwa amechutama mbele ya moto akigeuza vitumbua. Hatua chache nyuma yake, kwenye kibao kilichoegemea ukuta, alikuwa amekaa mjomba. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa mpaka imekuwa rangi ileile ya ukuta, si ndugu yake, pacha wake. Makubadhi yake alikuwa ameyavua mlangoni, kwa adabu zake. Nikadhani wamekwisha salimiana, nikafungua mdomo nitoe shikamoo.

Mama akasikia mitalawanda yangu ya mti ikigonga sakafuni. "Ni wewe? Njoo haraka kabla kaka hajafika."

Hapo nikajua hajamwona, nikaimeza shikamoo yangu. Mjomba hakuniashiria kitu. Alikuwa amekuja kutazama, na alikuwa anatazama.

"Nimeunguza viwili, nimewapa kuku," mama akaendelea. "Akibisha hodi, usiache niende kumpokea barazani. Kule jua kali, siioni hata ngazi. Mlete huku. Huku mimi bado ni mtu." Akavitoa vitumbua mafutani kimoja kimoja, kila kimoja kimeiva sawasawa. "Unajua taabu yangu? Kaka ananipenda. Angekuwa ananichukia ningemkatalia nikalala usingizi. Huyu nitamkatalia kwa maneno gani? Atanichukua kwa mapenzi yake, atanikalisha mahali pazuri, na nitakaa hapo mpaka niishe."

Akainuka na sinia. Alipita mbele ya mjomba, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa, akaiweka sinia juu ya rafu, taratibu, katikati kabisa. Akarudi kwenye moto bila kupapasa kitu.

Mjomba akasimama. Akanipita bila kunitazama, akaokota makubadhi yake akayashika mkononi, akatoka peku kichochoroni. Nilibaki na ndizi zangu. Nilikuwa na hakika amekasirika, na sikujua nimwambie nini mama.

Mara tukasikia barazani sauti kubwa, kubwa kuliko alivyozoea kuitoa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama akapangusa mikono, akajiweka sawa kanga kichwani. "Huyo! Karibu kaka! Pita moja kwa moja, tuko huku uani!"

Akaja kwa ukumbini, makubadhi yakilia. Akatua miguu kwa kishindo mlangoni mwa jiko, akasema jina la mama kwa sauti, mama akageukia pale pale alipo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Shikamoo mjomba," nikasema na mimi, kama sikuwa nimemwona.

"Marahaba," akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini jikoni moshi haukosekani.

Mama akampa kiti, akateremsha sinia. Hakuweza kusubiri mpaka aulizwe.

"Umefika sasa hivi, kaka, au ulipumzika mahali?"

"Sasa hivi tu, mdogo wangu," mjomba akasema. "Nimekuja kula vitumbua. Nikishiba nitarudi zangu, peke yangu."