Kikapu Kilichorudi Kitupu

Mwezi uliopita, niliporejea Bujumbura baada ya miaka mingi ya kufundisha ugenini, nilikwenda Carama kumpongeza mwanamke aliyejifungua. Nilibeba igiseke cha marehemu mama yangu, kikapu cha nyasi chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge, nikakijaza maharage na unga wa mtama kama alivyozoea yeye. Wageni wenzangu walishuka garini na mabeseni ya plastiki yaliyofungwa utepe. Mzazi, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka thelathini, alikipokea kikapu changu kwa mikono miwili, akacheka.

“Kumbe ni hii! Dada yangu ananiambiaka habari yake toka niko mutoto.”

Nilikaa karibu naye. Mara ya kwanza kikapu kile kilipoingia katika ua ule, kilikuja kwa sababu ya kuzaliwa kwake yeye.

Mama alifundisha mwaka wa sita katika shule moja isiyo mbali na nyumba yetu ya Mutanga Sud. Asubuhi alinukia sabuni ya kufulia. Jioni alinukia chaki. Jumapili baada ya misa alifundisha wanawake wa mtaa kusoma, na Jumatano alasiri alipika sufuria kubwa la maharage kwa ajili ya familia zilizokimbia makwao na kulala katika uwanja wa shule. Mimi nilichambua mawe katika maharage hayo, nikinung’unika. Watu walipomwambia kwamba anajichosha, alijibu kwa neno moja, lile lile kila mara: “Mimi sina darasa pungufu.”

Lakini mwaka ule, nami nikiwa mwanafunzi wake, darasa lilipunguka. Vita vilikuwa vimeugawa mji, mtaa kwa mtaa, na kati yetu na Carama vijana waliweka bariyeri, kizuizi cha magogo barabarani. Msichana niliyeketi naye dawati moja aliishi ng’ambo ya bariyeri hiyo. Alikuwa bora kuliko sisi sote katika hesabu. Niliwahi kunakili majibu yake, na si mara moja. Tangu magogo yalipowekwa hakuja tena. Mtihani wa taifa wa kumaliza mwaka wa sita ulikuwa umebaki miezi miwili na nusu, na aliyeukosa hakuingia sekondari. Kila asubuhi mama aliliita jina lake, akangoja kidogo kana kwamba huenda akaitika, kisha akaendelea na jina langu.

Aliyetuletea habari za ng’ambo alikuwa mwanamke muuza lengalenga, ambaye alipita bariyeri na mboga zake kwa kuwa hata wapiganaji hula. Siku moja alitueleza kwamba mama wa yule msichana alikuwa mja mzito. Mama aliweka kisu chini, akatafakari. Yapo mambo ambayo vita havikuyagusa mapema, na mojawapo lilikuwa guhemba, desturi ya wanawake kumpelekea mzazi chakula katika vikapu. Ilikuwa aibu kuwazuia wanawake hao njiani. Tena desturi ilitaka kikapu kisirudi kitupu: aliyekipokea alikirudisha kikiwa na kitu, hata konzi moja ya karanga.

Jirani yetu, mama alipomweleza kwamba masomo yangeweza kupita ndani ya kikapu hicho, hakutaka kungoja. “Mwalimu, tuseme tu amezaa. Nani atahesabu miezi?”

“Nikidanganya leo, siku akizaa kweli nitaenda na uso gani?”

Hivyo tukangoja. Darasa zima la mwaka wa sita likamngoja mtoto ambaye wengi wetu hatukumjua mama yake. Wiki sita zilipita. Mama alinakili masomo daftarini kwa mkono, jioni baada ya jioni, na kila mara muuza lengalenga alipobisha tulimkimbilia langoni, naye alitingisha kichwa. Hatimaye, siku ya Ijumaa, alifika akicheka kabla hajashusha mzigo wake. “Mutoto mwanamuke!”

Mama aliwagawa wanawake wa mtaa katika makundi manne, kundi moja kwa kila Jumamosi, na akatafuta vikapu viwili: kimoja kingekwenda kimejaa, na kilichotangulia kingerudi. Daftari lilifungwa kwa kitambaa na kulazwa chini ya maharage. Safari ya kwanza alinichukua. “Nikikuacha nyumbani,” aliniambia, “watauliza ninaogopa nini.”

Penye magogo palikuwa na vijana watano. Mkubwa wao alisogea, mkono mmoja mfukoni.

“Munaenda wapi na kikapu hii?”

“Kuona muzazi. Na we, toa mukono mu mufuko kama unaongea na mwalimu.”

Mkono ulitoka mara moja. Wenzake walipasuka kwa kicheko. “Unaogopa mama, weye!”

“Siogope mutu,” alisema, akijaribu kurudisha heshima yake. “Mu kikapu kuko nini?”

“Maharage.”

“Na chini ya maharage?”

“Mahesabu,” mama alijibu bila kupepesa macho. “Kuzidisha sehemu, na matatizo matatu ya mwendo.”

Nilimshika kitenge kwa nyuma. Lakini vijana walicheka zaidi, mmoja akapiga makofi. “Walimu! Hata kwa muzazi wanawaza mahesabu! Pita, mama. Umusalimie mutoto.” Nami mpaka leo sijamjua mtu mwingine aliyepita penye silaha kwa kusema kweli tupu.

Jumamosi ya pili kikapu cha kwanza kilirudi. Mama aliingiza mkono hadi chini ya karanga, akatoa daftari: kila zoezi lilikuwa limefanywa kwa mwandiko ule niliokuwa nikiunakili. Alisahihisha kwa wino mwekundu akiwa bado amesimama, viatu vimejaa vumbi. Jumamosi ya tatu ikawa vivyo hivyo, na katika ukurasa wa mwisho niliandikiwa mimi: “Dawati letu unalifuta vumbi?” Nilikuwa silifuti. Nikaanza.

Jumamosi ya nne mtihani ulikuwa umebaki siku tatu. Sikwenda, nilingoja langoni na jirani, tukawaona wanawake wakija mmoja nyuma ya mwingine, vitenge vimefunika vichwa, kikapu juu ya kichwa cha aliyekuwa katikati. Jirani alikishusha na kufunua kifuniko. Kilikuwa kitupu. Hapakuwa na karanga wala daftari.

“Ee Mungu! Wametutukana, ama wamefiwa?”

“Hakuna aliyekufa,” mama alisema, akivua viatu. “Leo sikuleta mazoezi. Nimeleta mwenye kuyafanya.”

Ndipo aliyekuwa amebeba kikapu alipojifunua kitenge. Kilikuwa cha mama yake, nacho kilimzunguka kiuno mara mbili. Mama yake, akiwa na kichanga kifuani, ndiye aliyemvisha, akamtwisha kikapu na kumweka katikati ya wanawake wanne. Vijana wa bariyeri, waliokwisha kuzoea msafara wa mwalimu, hawakuwahesabu. Rafiki yangu alinitazama kwa ukali.

“Dawati?”

“Nimefuta.”

Alilala kwetu, kwenye mkeka wangu, akala maharage aliyosaidia kuchambua. Kulipokucha siku ya mtihani, mama aliliita jina lake, na safari hii hakungoja. Alifaulu kwa alama zilizopita zangu, wala mama hakuona haja ya kunifariji kwa hilo. Leo anafundisha hesabu Gitega.

Siwezi kusema kwamba mama aliusimamisha hata mlio mmoja wa risasi. Niseme tu kile ninachoweza kukithibitisha: mwaka ule, katika mji uliogawanyika, darasa lake lilikwenda kwenye mtihani likiwa kamili.

Siku mbili baada ya ziara yangu ya Carama, mume wa yule mzazi alisimamisha gari nje ya lango letu la Mutanga Sud, akielekea kazini. Alinikabidhi kikapu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

“Asante sana, mama. Tumekisafisha muzuri.”

Kweli walikuwa wamekisafisha. Nilifunua kifuniko na kuingiza mkono hadi chini, kama alivyofanya mama. Vidole vikagusa nyasi tu. Sikukasirika. Vijana hawa waliambiwa hadithi, desturi hawakuambiwa, nasi tuliojua tulikuwa mbali. Lakini macho yangu, bila kuniuliza, yaliinuka na kutazama nyuma yake, barabarani.

“Unangojea mutu, mama?”

“Apana,” nilisema. Nikabaki langoni, kikapu mkononi, mpaka vumbi la gari lake lilipotulia.