Mwenyekiti Alidhani Bado Anasoma

Jumatatu, katika benki moja hapa Mikumi, dada aliyenitangulia kwenye foleni aliweka kwenye kaunta kadi yake ya akaunti ya mwanafunzi, akaomba ya kawaida. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na bosi alitaka akaunti ya mfanyakazi siku hiyohiyo, la sivyo angemchukua mwingine.

Karani alisoma barua ya utambulisho, akairudisha kwa kidole kimoja. "Dada, mwenyekiti wako wa mtaa anasema wewe ni mwanafunzi."

Dada akampigia mwenyekiti palepale, sauti ya simu ikasikika benki nzima.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?"

Mlinzi aligeukia ukutani kucheka.

"Nilimaliza mwaka jana. Pilau ya mahafali ulikula."

"Ile ya kuku?"

"Hiyohiyo."

Baada ya nusu saa mwenyekiti alishuka kwenye bodaboda, muhuri mfukoni mwa shati. Akakata neno "mwanafunzi". "Sasa niandike nani?"

"Mhudumu wa mapokezi," dada alisema, akinyoosha kola.

Nami nilikuwa nimekwenda kufungua akaunti. Niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, na kwangu mwenyekiti huyohuyo hakusahau hilo: kwenye barua yangu aliandika "hana kazi". Nikamsogezea barua kabla hajarudisha muhuri mfukoni.

"Shikamoo. Hapa pia parekebishwe. Nauza chapati stendi, na nina safu gazetini."

"Marahaba. Chapati nazijua," alisema, akaandika "mfanyabiashara". "Hiyo safu nitaiamini nikiisoma."

Haya, mwenyekiti, ndiyo hii.